Muulizeni mwenyewe

Wiki iliyopita tulikuwa hospitali, mimi na mdogo wangu, tumesimama dirishani pa mapokezi. Hospitali yenyewe siitaji. Foleni ilipotufikia, dada wa mapokezi akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye fomu, "Anaitwa nani?"

Sikujibu. Nilimtazama mdogo wangu, naye akaanza kujibu.

Jina lake lina silabi tatu. Kwanza anavuta pumzi, na pumzi yenyewe haiji mara moja. Shingo inageukia kushoto, mkono wa kulia unanyanyuka wenyewe hadi usawa wa sikio, vidole vinatanuka. Mdomo unafunguka, unafumba, unafunguka tena. Ndipo jina linatoka, silabi moja moja, kila moja na jasho lake. Nimewahi kuhesabu kimoyomoyo: sekunde nane, na siku mbaya kumi na mbili. Kabla hajaifikia silabi ya kwanza, yule dada alikuwa ameshauliza mara tatu, na mara zote akinitazama mimi. "Dada, nakuuliza wewe, anaitwa nani?" Kisha, "Kwani hasikii?" Kisha akasogea kwenye tundu la kioo na kupaza sauti kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto: "JINA! LAKO! NANI!"

Foleni nzima ikageuka kututazama. Hapo ndipo mwili wa mdogo wangu ulipogoma kabisa.

Naomba nieleze kwa nini uligoma, maana watu wengi hawajui na mimi mwenyewe nilikuwa mtu mzima nilipoelewa. Mdogo wangu ana miaka 34 na ana mtindio wa ubongo. Alizaliwa akilia vizuri kabisa. Siku chache baadaye akapata manjano. Watoto wachanga wengi hupata manjano, na kwa wengi huisha yenyewe au kwa kuwekwa chini ya mwanga maalumu. Yake ilipanda sana na haikuwahiwa. Kinacholeta rangi ile ni bilirubini, takataka inayobaki chembechembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ikizidi mno kwa kichanga, huingia kwenye ubongo na kuharibu sehemu za ndani zinazoratibu mwendo wa mwili, huku sehemu za kufikiri zikiweza kubaki salama. Ndivyo ilivyomtokea. Anajua anachotaka kusema, anajua atakavyokisema, lakini ulimi, midomo, koo na misuli ya pumzi ni misuli kama ya mkono, nayo imeguswa vilevile. Akiona aibu, akikasirika, akiharakishwa, hata akifurahi sana, mwili unazidi kujinyonga. Akilala usingizi unatulia wote. Ukimkuta amelala huwezi kujua kama ana tatizo lolote.

Sasa fikiria. Unamkazia macho, unamharakisha, unampigia kelele mbele ya watu thelathini. Wewe ndiye umemfunga ulimi. Halafu ukimya wake unauchukua kuwa ushahidi kwamba hana akili. Hilo linaniuma kuliko matusi, na matusi tumeyasikia.

Mwishowe nikamwambia yule dada, "Muulize mwenyewe, halafu subiri." Akasema kuna watu nyuma. Alikuwa anasema kweli, walikuwepo. Jina nikalitaja mimi. Mdogo wangu akanyamaza hadi tulipotoka nje kivulini, akaomba ubao wake wa herufi, akagusa kwa kifundo cha kidole: I-B-A-R-A 2-1.

Kazi yake ni kusahihisha maandishi ya watu. Anapiga chapa kwa kifundo kimoja cha kidole cha shahada, taratibu, na hakosei. Amesahihisha tasnifu, ripoti, kadi za harusi, wosia mmoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ule uliopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2008, anaujua ibara kwa ibara. Ya 21 inahusu uhuru wa kujieleza, na ndani yake nchi zilizoridhia zinakubali kwamba mtu akienda kwenye shughuli rasmi atumie njia ya mawasiliano anayoichagua mwenyewe: lugha ya alama, breli, ubao wa herufi kama wake. Yule dada angempa sekunde kumi na mbili, au angemruhusu aguse herufi, angepata jina lililotamkwa na mwenye jina.

Kila nikilisimulia jambo hili, mtu mmoja ataniambia, "Lakini hakuwa na nia mbaya." Najua. Katika miaka yote ya kusukuma kiti chake cha magurudumu, wenye nia mbaya nawahesabu kwa vidole vya mikono. Wengine wote walikuwa na huruma na haraka, vyote kwa pamoja.

Kulikuwa na yule baba aliyetuona tunapanda mteremko. Nilikuwa nimesimama kupumzika, breki nimefunga, mdogo wangu anatazama watu wanavyopita. Baba akatokea nyuma, akasema, "Acha dada, nitakusaidia," akaachia breki na kushika vishikio, na kabla sijafungua mdomo wakawa wameshaondoka. "Twende kijana!" Mdogo wangu akishtuka, mkono unaruka kwenda nje. Alikuwa anajitahidi kusema neno moja, "ngoja," nikaliona linamjia mdomoni, na lilikuwa bado halijafika pale kidole cha kati kilipoingia kwenye spoki. Kucha ilitoka nzima. Yule baba alilia kuliko sisi. Alitoa kitambaa chake mwenyewe, kimepigwa pasi vizuri, akakifunga kile kidole huku mikono ikimtetemeka, akirudia, "Nisamehe mama, nisamehe," na maneno hayo alikuwa ananiambia mimi.

Kiti cha mtu ni kama miguu yake. Huwezi kumnyanyua mtu miguu barabarani kwa sababu umeona amechoka. Njoo mbele, akuone. Mwulize kama anahitaji msaada na wa namna gani. Subiri. Akikataa, amekataa, usione amekudharau. Akikubali, mwambie unachotaka kufanya kabla hujakifanya. Kama mnapanda ngazi moja au ukingo wa barabara, inua kwanza magurudumu madogo ya mbele. Kama mnashuka, geuza kiti mshuke kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie, la sivyo utammwaga mtu kifudifudi. Rafiki yake mmoja asiyeona analalamikia jambo hilohilo kwa upande wake: watu wanamkamata mkono wenye fimbo na kumvuta kama mzigo, na fimbo ndiyo jicho lake. Ukitaka kumwongoza mwachie yeye akushike kiwiko, utangulie nusu hatua, mwili wako umweleze pa kukata kona na pa kushuka.

Halafu kuna neno "pole."

Hakuna siku tunatoka asiambiwe pole. Anayepita anapunguza mwendo, anainamisha kichwa upande, anasema, "Pole sana jamani," na mara nyingi hata hilo analielekeza kwangu. Mdogo wangu hajafiwa. Hajaumia. Anakwenda kunyoa. Wengine wanaongeza sarafu, wanaiweka kwenye mapaja yake bila neno na kuondoka upesi, naye anabaki na hela asiyoweza kuirudisha kwa sababu aliyeitoa ameshapotea kwenye umati. Siku moja mama mmoja alimwekea kiganja kichwani na kuanza kumwombea kwa sauti, macho amefumba, na mdogo wangu kichwa hakimtii hata siku za kawaida, sembuse kikishikwa na mgeni. Mimi ni mtu wa kusali. Mtu akiniuliza, "Naweza kumwombea ndugu yako?" nitamwambia amuulize mwenyewe, na huenda atakubali. Anakubali mara nyingine.

Upande wa pili wa pole ni sifa. Stella Young, mwandishi na mchekeshaji wa Australia aliyetumia kiti cha magurudumu na kufariki mwaka 2014, aliwahi kusimulia kwamba alipokuwa na miaka 15, mtu wa mji wao alitaka kumpendekeza apewe tuzo ya mafanikio. Wazazi wake wakasema ni jambo zuri, tatizo ni moja tu, hajafanikisha chochote. Alikuwa mtoto anayekwenda shule na kutazama televisheni. Mdogo wangu alipolisikia hilo alicheka mpaka nikaogopa atapaliwa. Yeye amepigiwa makofi kwa kunywa maji na mrija.

Na majina tunayowaita. Hili analizungumza sana, ni mtu wa maneno. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno yote yanaanza na ki-, yamepangwa ngeli moja na kiti, kisu na kikombe. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo lugha ilipowageuza watu kuwa vitu, na ndiyo sababu leo tunasema mtu mwenye ulemavu, mtu asiyeona. Ninayakubali maneno mapya na ninayatumia. Yeye ananikumbusha kwamba hata zamani mtu alisema kipofu amekuja, hakusema kimekuja, kwa hiyo lugha ilijua tangu mwanzo kwamba huyo ni mtu. Kinachomkera ni "mtindio wa ubongo" kutumika kama tusi, vijana wanaitana hivyo wakikosea hesabu. Na kinachomkera zaidi ya hapo ni kuitwa "huyu." Huyu anakula nini. Huyu analala saa ngapi. Huyu anakwenda choo mwenyewe? Mtu hajui jina lake na anataka kujua habari za choo.

Lakini sikukaa kuandika ili niwaseme wengine peke yao. Lipo jambo langu ambalo sijawahi kuliandika popote.

Tulikuwa kituo cha basi, asubuhi, watu wamejaa. Binti mmoja, mwenye mkoba wa vitabu, alianguka. Alidondoka wima, kichwa kikagonga lami, mwili ukaanza kukakamaa kisha kutupatupa. Kifafa. Watu walirudi nyuma kwanza, halafu wakasogea wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa ameshika miguu yake kwa nguvu zote, mwingine anapiga kelele atafutiwe kijiko amuwekee kati ya meno, asije akameza ulimi. Simu nne au tano zilikuwa juu, zinarekodi. Mimi niliinama kuokota vitabu vilivyotawanyika. Sijui kwa nini vitabu. Nadhani ni kwa sababu vilikuwa kitu ninachoweza kukishika.

Nyuma yangu mdogo wangu alikuwa anatoa sauti. Niliisikia. Ni sauti ninayoijua tangu nikiwa msichana mdogo, sauti ya neno linalopandishwa kutoka chini kabisa. Nami, bila kugeuka, nikasema, "Ngoja kwanza, mdogo wangu, kuna mtu ameanguka."

Akaendelea. Nikasema tena, "Ngoja."

Akaanza kupiga kiti. Alikuwa anakipiga kwa mkono mzima, kwa mfupa, pembeni ya mkono wa kiti, mpaka nikageuka kwa hasira. Uso wote ulikuwa umekunjamana na udenda unamtiririka shingoni, na neno likatoka: "U-ba-vu."

Alikuwa amekisahihisha kijitabu cha huduma ya kwanza mara mbili, toleo la kwanza na la pili. Alikuwa anajua kila kitu ambacho sisi sote pale hatukukijua. Akanitajia, na mimi sasa nikamsikiliza na kupaza sauti kwa watu: msiweke kitu chochote mdomoni, kijiko kitamvunja meno au kumkaba, na ulimi haumezeki. Mwachieni miguu, msimzuie kutikisika. Wekeni kitu laini chini ya kichwa. Legezeni nguo shingoni. Mtu mmoja aangalie saa, maana ikipita dakika tano bila kukoma, au akikamatwa tena kabla hajazinduka, hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali. Mtikisiko ukiisha, mlazeni ubavu ili mate na matapishi yatoke na asikabwe. Kaeni naye mpaka akili imrudie. Neno la mwisho alilolisema lilikuwa, "Simu," nami nilidhani anataka tupige simu. Alitaka zishushwe.

Mtikisiko ulidumu chini ya dakika mbili. Tulimlaza ubavu. Alipofumbua macho hakujua yuko wapi, na mwanamke mmoja alikuwa ameshamfunika miguu kwa kanga yake ili asizinduke akiwa amefunuka mbele za watu. Huyo mwanamke ninamkumbuka kwa heshima. Hakuuliza kitu, aliona tu kinachotakiwa.

Watu wakaanza kunishukuru. "Ahsante sana dada. Wewe ni nesi?" Nikawaambia si mimi, ni yeye, yeye ndiye aliyejua. Wakamtazama. Wakatabasamu. Kijana mmoja akamgusagusa kichwa kama mtoto aliyemaliza uji.

Jioni nilimwomba msamaha. Tumekua pamoja, nimewakemea wageni wasimkatishe, nimegombana na makarani na makondakta na madaktari, na siku lilipokuwa jambo la maisha ya mtu nami nikamwambia ngoja, mara mbili. Alichukua ubao. Aliandika kwamba alikuwa ameshanihesabia: nilichelewa kama nusu dakika. Kisha akaandika kwamba yule wa kijiko alikuwa bado hajakipata, kwa hiyo tuliwahi. Sijajua mpaka leo kama aliyasema hayo kunifariji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 1.3 wana ulemavu mkubwa, yaani mtu mmoja kati ya sita. Naitaja hesabu hiyo kwa sababu tunapopita watu wanashangaa kana kwamba wameona jambo la mara moja maishani. Mmoja kati ya sita ni mtu wa karibu. Yuko kwenye foleni hiyohiyo, mara nyingine bila kiti wala fimbo ya kumtambulisha, kama yule binti wa kituoni kabla hajaanguka.

Wapo wanaojua kumsubiri mtu, na hakuna aliyewafunza. Kinyozi wake, siku ya kwanza, alikuwa mgeni kwetu kama wengine. Sikumwambia chochote, nilitaka nione. Alichuchumaa mbele ya kiti mpaka macho yao yakawa sawa, akauliza, "Tunanyoaje, kaka?" Akabaki amechuchumaa hivyohivyo, mashine mkononi, imezimwa, anasikiliza. Mdogo wangu akasema, "Fu-pi." Wakati wa kunyoa, kila kichwa kilipoanza kwenda, kinyozi aliondoa mashine hewani, akangoja, kichwa kikirudi naye anarudi. Hakukishika kwa nguvu hata mara moja. Ilichukua karibu saa nzima. Mteja aliyefuata alipoguna, alijibiwa, "Zamu yake haijaisha." Tumekuwa wateja wake tangu siku ile, na siku hizi mimi naachwa nje, naambiwa nirudi baadaye.

Na juzi, tukiwa tunatoka huko, kichwa cha mdogo wangu kinang'aa, tulipishana njiani na mama mmoja na mtoto wake wa kike, wa miaka sita hivi. Mtoto alisimama. Nilijua kitakachofuata: atakodoa macho, mama atamvuta na kumnong'oneza asitazame, na mtoto ataondoka amejifunza kwamba hapa kuna kitu cha kuogopa.

Mtoto akasema, "Shikamoo."

Alimwamkia yeye. Mdogo wangu akaanza. Pumzi, shingo, mkono ukanyanyuka. Mama kweli akamshika mtoto mkono, "Haya, twende," na mtoto akauvuta mkono wake nyuma, akamwangalia mama yake kwa mshangao.

"Ngoja, mama. Hajaitikia bado."

Basi tukasimama wote wanne pale njiani, watu wanatupita kulia na kushoto. Sikuhesabu sekunde. Mtoto alikuwa ametulia, uso ameuinua, hana haraka yoyote.

"Ma-ra-ha-ba," alisema mdogo wangu.

"Haya," alisema mtoto, na wakaenda zao.